Muulize Shangazi: Kijana wangu ni shoga, nimpeleke wapi?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja juu ya jambo moja, zingine za kulia zingine za kutukana, nimechagua tano. Majina nimetoa yote.

SWALI: Shangazi salamu sana. Mimi ni mama wa watoto wanne, niko hapa Busia nauza mitumba. Kijana wangu wa pili anafanya kazi Kampala, juzi mtu akanitumia kwa WhatsApp meseji zake na mwanaume mwenzake, nikampigia, hakukataa, alilia tu. Sasa pasta anataka milioni moja wafunge wiki mbili wamtoe hilo pepo, baba yake mdogo anasema ni kichwa tumpeleke Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili, na jirani ananitisha ati najua na sijasema polisi kwa hiyo hata mimi naingia ndani. Silali. Nifanye nini? (Mama, Busia)

JIBU: Pole sana mama. Nianze na polisi maana naona hapo ndipo usingizi unapopotelea. Sheria ya kupinga ushoga aliyosaini Mzee Museveni Mei 2023 kweli ilikuwa na kifungu cha 14, kila anayeshuku lazima aripoti, lakini Mahakama ya Katiba ilikifuta tarehe 3 Aprili 2024. Jirani anakutisha na kitu ambacho hakipo tena. Ila usijidanganye pia, sehemu kubwa ya sheria mahakama iliiacha, tendo lenyewe bado ni kifungo cha maisha na kuna hali, kama mtoto akihusika, ambapo adhabu ni kifo. Mtu wa kushukiwa tu, bila tendo, sheria hiyo hiyo inasema hana kosa. Kwa hiyo hizo meseji usimtumie mtu yeyote, hata dada yako, na huyo aliyekutumia mwangalie vizuri, watu wa namna hiyo huanza na salamu halafu wanaomba laki mbili, halafu tano, na kijana anaogopa kwenda polisi kwa hiyo analipa tu.

Butabika sasa. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliutoa ushoga kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1973, Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo tarehe 17 Mei 1990. Shemeji yako atasema hayo ya wazungu. Haya, tuje nyumbani. Mwanzoni mwa 2014 Museveni mwenyewe aliomba wanasayansi wetu wamweleze kama watu huzaliwa hivyo au hujifunza, Wizara ya Afya ikaunda kamati, na kamati ikaandika kwamba ushoga si ugonjwa, si kasoro, na kila jamii ina watu wachache wa namna hiyo. Iliandika pia kwamba hakuna jeni moja inayousababisha, kwamba mazingira yanaweza kuchangia, na kwamba tabia hiyo idhibitiwe kulinda wanyonge. Rais akachukua ile sentensi ya jeni, akasaini sheria ya kwanza tarehe 24 Februari. Zile sentensi za mwanzo hakuna aliyezipigia kelele, lakini ziko, zimeandikwa na Waganda, na zinatosha kumjibu baba mdogo. Kama kijana halali, hali, anaongea mambo ya kujiua, hapo ndiyo daktari anahitajika, na anahitajika kwa hayo.

Kuhusu pasta nitaongea kwa kirefu kidogo, unisamehe. Machi 2009 ilifanyika semina Kampala, wakaja Wamarekani watatu kufundisha kwamba ushoga ni hatari na unaponyeka. Mmoja, Don Schmierer, alikuwa kwenye bodi ya Exodus International, chama kikubwa cha huko kwao cha kuwabadilisha mashoga kwa maombi na ushauri. Oktoba mwaka huo huo mbunge David Bahati akaleta bungeni muswada wake wa kupinga ushoga. Sisi tukabaki na hayo mafundisho mpaka leo, lakini kule yalikotoka? Alan Chambers, mkubwa wa Exodus, 2012 alikiri kwamba karibu wote aliokutana nao hawakubadilika, Juni 2013 akaomba msamaha hadharani na chama kikafungwa. Robert Spitzer naye, daktari huyo huyo aliyesukuma yale mabadiliko ya 1973, alikuja mwaka 2003 na utafiti wa watu 200 ati wengine wamebadilika, wahubiri wakaubeba kama Biblia ya pili, kumbe alikuwa amewapigia simu na kuamini walichosema basi, 2012 akaukana na kuwaomba msamaha mashoga. Yaani wenye dawa wenyewe wamefunga duka halafu sisi Busia bado tunauziwa, tena kwa milioni. Kuomba omba mama, sikukatazi, hata mimi naomba, lakini maombi hayana risiti. Hiyo pesa iache Sacco.

Mpigie kijana. Usimuulize maswali ya kitandani, muulize amekula nini na kama analala salama. Kama amefukuzwa anapokaa mwambie arudi nyumbani, na baba mdogo akileta kelele mwambie nyumba ni yako.

SWALI: Asalaam alaikum Shangazi. Niko Arua, nina vyumba sita vya kupangisha. Vijana wawili wanaume wanakaa chumba kimoja karibu mwaka sasa, wapole, wanalipa kwa wakati. Majirani wamenifuata ati ni mashoga niwatoe, mwenyekiti wa kijiji (LC1) anasema nisipowatoa sheria itanikamata mimi. Kama Mwislamu dhamiri inanisumbua pia. (Mwenye nyumba, Arua)

JIBU: Waalaikum salaam baba. Kifungu cha mwenye nyumba kilikuwepo, cha 9, na kingine cha kupangisha, vyote vilikwenda na maji siku ile ile ya Aprili 2024. Mwambie mwenyekiti kwa heshima akuonyeshe sheria anayoisoma yeye. Na vijana wawili kushea chumba kimoja mjini, kwa kodi hizi za leo, hiyo ni habari kweli? Nusu ya Kampala ingekuwa jela.

Upande wa dini sitakudanganya, madhehebu yote manne yanaliharamisha tendo na masheikh wetu hapa wamesema hivyo wazi. Lakini wewe hujaona tendo, umesikia majirani. Sura ya Al-Hujurat aya ya 12 inakataza dhana, inakataza kupelelezana, inakataza kusengenyana, vyote vitatu kwa aya moja, soma halafu angalia hao majirani wamefanya vingapi.

SWALI: Shangazi mimi ni mwanafunzi Makerere. Kwa hosteli tunabishana kila usiku. Wengine wanasema ushoga uliletwa na wazungu, wengine ati wazungu walileta sheria ya kuupinga. Na hii sayansi mbona mara ni ugonjwa mara si ugonjwa, tuiamini vipi kama inageuka geuka? (Mbishi, Kampala)

JIBU: Mwanangu, Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, hakufundishwa na mzungu. Kila tarehe 3 Juni mnatembea kwenda Namugongo, na kwenye masimulizi ya wale mashahidi wa dini aliowaua, jinsi wamisionari walivyoyaandika, hasira ya Kabaka ilikuwa pia kwa sababu wale vijana wa ikulu walianza kumkatalia tendo hilo. Kulikuwa na siasa nyingi mle, hofu ya wageni, askofu Mwingereza Hannington alikuwa ameshauawa Busoga Oktoba 1885, kwa hiyo usinipe jibu la sentensi moja hapo, lakini kama unaamini Namugongo huwezi kusema jambo hili lilishuka Entebbe na ndege.

Sheria ndiyo ilikuja kwa meli. Waingereza waliiandika kwa ajili ya India mwaka 1860, kifungu cha 377, maneno yake yakazunguka makoloni yote na kwetu yakaishia kifungu cha 145 cha sheria ya jinai, "kinyume cha maumbile", kifungo cha maisha. Halafu wao wenyewe England na Wales wakaacha kuwafunga watu wazima kwa hilo 1967, miaka mitano baada ya kutupa uhuru, India ikaifuta mwaka 2018, Botswana mahakama ikafuta 2019. Lakini usifikiri dunia yote inakwenda njia moja. Kenya Mei 2019 mahakama kuu ilikataa kufuta, na sisi tumeongeza. Marekani penyewe mwaka 1996 waliokubali ndoa za jinsia moja walikuwa asilimia 27 tu kwa kura za maoni za Gallup, 2023 wamefika 71. Hapa kwetu shirika la utafiti la Pew lilipouliza 2013, asilimia 96 walisema jamii isikubali.

Sayansi sasa. Zamani daktari aliwajua mashoga wa aina mbili tu, mgonjwa aliyekuja kwake na mfungwa, kwa hiyo lazima aone wagonjwa. Mwaka 1957 Evelyn Hooker akachukua wanaume 30 mashoga na 30 wasio mashoga, wote watu wa kawaida wanaofanya kazi zao, akawapa vipimo vya akili, majibu akawapelekea mabingwa bila majina, na mabingwa wakashindwa kujua yupi ni yupi. Kitu kiligeuka kwa sababu mtu alienda kuangalia. Mwaka 2019 watafiti wakapima jeni za karibu watu nusu milioni, wengi Uingereza na Marekani, wakaona hakuna jeni moja, ziko nyingi ndogo ndogo, na huwezi kumpima mtoto damu ukajua. Sasa hapo wenzako wa hosteli watarukia, "umeona, si jeni, kwa hiyo anajifunza!" Hapana. Anayeandika kwa mkono wa kushoto naye hana jeni moja, na hakuna aliyemfundisha, walimu walimchapa na bado aliurudia.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi katekista Masaka. Papa Fransisko alisema kuwa shoga si uhalifu, ikaja barua ya kuwabariki, maaskofu wa Afrika wakaikataa. Wakristo wananiuliza Kanisa limebadilika au la, nakosa la kusema. (Katekista)

JIBU: Milele amina. Waambie vyote viwili. Januari 2023 Papa alikataa watu wafungwe, na alisema uhalifu ni kitu kimoja na dhambi ni kingine, hakusema dhambi imeondoka. Barua ya tarehe 18 Desemba 2023 iliruhusu padri kuwabariki wawili bila ibada rasmi na bila kuifanya ndoa, na Januari 2024 Kardinali Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya maaskofu wa Afrika, akaandika kwamba huku hazitafanyika, Roma ikamwelewa. Katekisimu unayofundishia haijaguswa. Namba 2357 inakataa matendo, namba 2358 inataka watu wenyewe wapokelewe kwa heshima na huruma. Ya kwanza naisikia kila mahubiri, ya pili sijawahi kuisikia ikisomwa mbele ya altare, labda uanze wewe.

Wenzetu Waanglikana usiwacheke, kwao ni pabaya zaidi. Askofu mkuu Kaziimba na England hawaelewani tangu sinodi ya kule ilipokubali baraka Februari 2023, na askofu Senyonjo mstaafu alitengwa na kanisa lake hapa hapa kwa sababu aliwasikiliza hawa vijana.

SWALI: Nyinyi mnatangaza ushoga. Mtafungwa. (Mzalendo)

JIBU: Kutangaza ni mpaka miaka 20, najua, mhariri ameninong'oneza mara nyingi kuliko wewe. Mimi nimejibu barua za watu. Yako pia nimeijibu.