Shangazi, Nambi Alikosa Nini?

Shangazi hujambo. Niko hapa Bombo, mimi ni Mnubi nimeolewa na Muganda, na watoto jioni tunawapigia hadithi kwa Kiswahili maana ndo lugha ya nyumba. Juzi mzee akawapa ile ya Kintu na Nambi, mtu na mke wa kwanza wa Buganda. Kufika pale Nambi anarudi kwao juu kuchukua wimbi, ile nafaka ya kulisha kuku, na kaka yake Walumbe, yaani Kifo, anawafuata hadi duniani, akamalizia: basi kifo kililetwa na mwanamke, kama vile Hawa na tunda. Binti yangu wa miaka tisa akauliza, "Baba, lakini si aliyeua ni Walumbe?" Mzee akawaka, ati namfundisha mtoto mambo ya mafeministi wa kwenye simu. Shangazi, wallahi sijamfundisha. Ila na mimi sasa nataka kujua, hao wanaozigeuza hizi hadithi wana haki ama wanatuharibia mila? – Mama Binti, Bombo

Mama Binti, huyo mtoto mnunulie soda.

Mafeministi tuwaache kwanza, tuisikilize hadithi yenyewe polepole. Kintu yuko peke yake na ng'ombe wake mmoja. Nambi anashuka kutoka kwa baba yake Ggulu huko juu, anamuona, anampenda yeye kwanza, anarudi kusema kwao nimepata mume. Ndugu wanamuibia Kintu ng'ombe, na ni Nambi huyo huyo anayemwambia amepelekwa wapi. Siku ya kushuka sasa, mgomba, viazi, mbuzi, kuku, vyote vinatoka kwao Nambi. Yaani hata hiyo matoke mzee anayokula kila siku ilikuja na bibi harusi, lakini mimi tangu nizaliwe sijasikia mtu akimalizia hadithi kwa kusema basi chakula kililetwa na mwanamke.

Haya, wimbi lilisahaulika, ni kweli. Ggulu alishawaambia waondoke mapema na wasirudi nyuma hata wakisahau kitu, na Nambi akarudi. Hapo simtetei, na wale wanaomwandika upya mpaka anatoka msafi kama malaika hunichosha, mtu asiyekosea hata mara moja wa kazi gani kwenye hadithi. Ila ujue kuna masimulizi ya zamani ambayo ni Kintu ndiye aliyerudi, Nambi akimsihi asiende. Kwa hiyo hata kabla ya simu watu walikuwa hawasimulii kitu kimoja.

Halafu kuna kipande wengi wanakipita mbio. Walumbe alipofika huku hakuanza kuua siku hiyo hiyo. Alikaa. Watoto wakazaliwa, ndo akamwendea Kintu akamwambia nipe msichana mmoja awe ananipikia. Kintu akakataa, Ggulu akiniuliza mtoto yuko wapi nitamjibu nini? Akaombwa tena, akakataa tena, na hapo ndipo watoto wakaanza kufa. Sasa niambie wewe, ugomvi ulianzia kwa wimbi ama ulianzia jikoni, kwa mwanaume mzima aliyetaka binti wa watu amuivishie chakula? Na Kayikuuzi, kaka yao mwingine, alipotumwa kumkamata, aliyezama ardhini ni Walumbe, kule Ttanda upande wa Mityana, mashimo bado yapo watu wanaenda kuyaona. Hakuna anayesema Nambi alichimba hata moja.

Na huyo kuku, jamani! Zamani wanawake wa Kiganda walikatazwa kula kuku, na mayai pia. Nyanya yangu alikuwa anapika luwombo ya kuku, anababua jani la ndizi motoni mpaka linalainika, anafunga, anapeleka kwa babu amepiga magoti, na mchuzi hakuonja, chumvi alikuwa anaipima kwa jicho tu. Nambi kalaumiwa vizazi vyote kwa ajili ya chakula cha ndege ambaye mabinti zake hawakuruhusiwa kumla.

Kwa hiyo kama kugeuza hadithi ni kuuliza nani alifanya nini, binti yako kageuza bila kufundishwa na mtu. Wapo wanaoenda mbali zaidi, kama Jennifer Nansubuga Makumbi, Muganda mwenzetu, kwenye riwaya yake ya 2020 msichana Kirabo anaambiwa na bibi mmoja wa kijijini kwamba wanawake wa mwanzo walikuwa na nguvu kuliko hawa wa leo. Hiyo ni kutunga, na kutunga ruksa.

Mzee akileta ya Hawa, mwambie kwa adabu afungue Sura Taha aya ya 121. Walikula wote wawili, na anayetajwa kwa jina kuwa aliasi ni Adamu. Jina la Hawa halimo kabisa kwenye Qurani. Lakini usimwambie mbele ya watoto, mngoje anywe chai. Na kesho jioni omba zamu usimulie wewe, usikate kitu, wimbi liweke na jiko la Walumbe pia liweke.

Shangazi, kaka mmoja kwenye taksi katuambia Lilith ndiye mke wa kwanza wa Adamu, ati walimtoa kwenye Biblia. Kweli? – Msomaji wa Kasese

Hakutolewa, hakuwemo. Kwa Kiebrania neno hilo liko mara moja tu, Isaya 34:14, kati ya viumbe vya maganjoni, na Adamu hayupo hapo. Ndoa yao iko kwenye Alfabeti ya Ben Sira, maandishi ya Kiyahudi ya zama za kati: wanagombana nani alale chini, Lilith anasema tumeumbwa kwa udongo mmoja, hawaelewani, anataja jina la Mungu anaruka zake. Mwaka 1972 Judith Plaskow, Myahudi wa Marekani, akaiandika upya. Humo Hawa ameambiwa nje ya ukuta kuna jini, siku moja anachungulia, kumbe ni mwanamke tu kama yeye, anaruka ukuta, wanakaa wanapiga stori, wanacheka, wanalia, kesho tena, keshokutwa tena, na Adamu yuko bustanini anajiuliza huyu mke wangu anaendaga wapi.