Kabla ya kuomba mkopo, kagua ripoti yako ya CRB

Dada, umesema uliacha mikopo miwili ya simu bila kulipa, na sasa unataka mkopo wa benki ununue friji ya duka. Usitume maombi bado. Anza na ripoti yako ya CRB, yaani kampuni zinazoweka rekodi za mikopo ya watu. Hapa Kenya ni Metropol, TransUnion na Creditinfo, na kila moja inapaswa kukupa nakala moja bure kwa mwaka. Isome mstari kwa mstari, hasa tarehe na salio. Wako watu hukuta deni walilomaliza zamani bado limeandikwa halijalipwa. Ikiwa hivyo, peleka malalamiko CRB pamoja na ujumbe wa M-Pesa wa siku uliyolipa (natumaini hukuufuta).

Deni la kweli lilipe, kisha udai barua ya kuthibitisha umemaliza. Rekodi haifutiki palepale. Hubaki miaka 5 baada ya kulipa, ila itasomeka kuwa umelipa, na hapo afisa wa mikopo atakuwa na la kuzungumza nawe. Anayejitangaza kwamba atakutoa CRB kwa elfu tatu, mpite tu.

Ningekuwa wewe, ningeanzia kwenye Sacco: akiba miezi kadhaa, mkopo mdogo wenye wadhamini, ulipe kwa wakati, ndipo urudi benki.