Je, «elimu iitwayo elimu kwa uongo» ni elimu ya shule?

Swali: Ninaandaa somo la vijana wa usharika wetu kuhusu Wagnostiki wa karne za kwanza. Tulipofika 1 Timotheo 6:20, ambapo Biblia yetu (Union Version) inasema «elimu iitwayo elimu kwa uongo», kijana mmoja alisema kwamba hapo Maandiko yanawaonya Wakristo dhidi ya masomo ya juu. Je, neno elimu limetumika sawasawa? Lina tofauti gani na maarifa, ujuzi na hekima? Na je, tuseme «hekima ya dunia» au «hekima ya kidunia»? Mwisho, tuandike Ugnostiki au Unostiki?

Jibu: Nianze na kauli ya kijana huyo, kwa sababu hatari iko hapo, na kwa sababu sarufi ya Kiswahili yenyewe inatosha kumjibu. Tuangalie maneno «kwa uongo» yanategemea nini katika sentensi. Hayaelezi nomino elimu. Yanaeleza kitenzi «iitwayo». Kama mfasiri angekusudia kusema kwamba kuna elimu ambayo ni mbaya, angeandika «elimu ya uongo», na hapo uongo ungekuwa sifa ya elimu. Alichoandika ni kwamba jambo fulani limepewa jina la elimu pasipo haki. Kinachokanushwa ni jina, na anayekanusha jina kwa namna hiyo huwa anaheshimu kile ambacho jina hilo hukitaja kwa kawaida. Tunapomwambia mtu «huyo aitwaye daktari kwa uongo», hatuwatukani madaktari, bali tunawalinda dhidi ya mwigizaji.

Wafasiri wa Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, hawakubuni muundo huo. Kigiriki kina neno moja, pseudonymos, maana yake «lenye jina la uongo», na nomino inayoelezwa ni gnosis, yaani kujua, neno lililowapa Wagnostiki jina lao. Miaka ipatayo 180 baada ya Kristo, Irenaeus, askofu wa Lyon katika Ufaransa ya leo, aliandika vitabu vitano dhidi ya mafundisho ya Kignostiki, na katika jina la kazi hiyo aliyatumia maneno hayohayo ya barua kwa Timotheo: gnosis yenye jina la uongo. Hata hivyo, tahadhari moja inafaa iingie katika somo lako: mifumo ya Kignostiki tunayoifahamu vizuri, kama ule wa Valentinus aliyefundisha Roma, ni ya karne ya 2. Kwa hiyo ni salama zaidi kusema kwamba barua inapinga mafundisho yaliyojisifu kwa gnosis kuliko kudai kwamba mwandishi alikuwa na Valentinus mbele ya macho yake.

Sasa neno lenyewe. Elimu ni la mzizi mmoja wa Kiarabu na mwalimu, maalumu na taaluma, na katika Kiswahili limezoea kutaja kile ambacho mtu hukipata kwa kufundishwa hadharani: elimu ya msingi, elimu ya watu wazima, Wizara ya Elimu. Gnosis ya Wagnostiki haikuwa hivyo. Kwao ilikuwa utambuzi wa siri, uliofunuliwa kwa wachache, kwamba roho ya mtu imetoka katika ulimwengu wa juu, kwamba imenaswa katika mwili, na kwamba dunia hii iliumbwa na muumba wa cheo cha chini aliyejidhania kuwa peke yake. Aliyetambua hayo aliokoka. Asiyetambua alibaki usingizini. Hayo hatuyasomi tena kwa wapinzani wao peke yao, kwani mwaka 1945 karibu na Nag Hammadi, katika Misri ya Juu, yalipatikana maandiko ya Kikopti, lugha ya Wakristo wa kale wa Misri, katika vitabu kumi na vitatu, na mengi kati yake yanasema kwa sauti ya wenye mafundisho wenyewe.

Kwa maana hiyo naona neno lililo karibu zaidi na gnosis ni maarifa. Mzizi wake ni ule wa arifu na taarifa, nao una wazo la kutambua, la kumfahamu aliyefahamika. Katika pwani yetu, masheikh wa tarika, yaani njia za Kisufi katika Uislamu, wamelitumia tangu zamani kwa ujuzi wa ndani wa kumjua Mungu, ambao si sawa na elimu ya vitabu. Ukiwaambia vijana kwamba Wagnostiki walijidai kuwa na maarifa ya siri, hakuna atakayedhani kwamba walikuwa na vyeti. Wala maarifa hayakosi heshima katika Biblia: Mithali 1:7 inasema kumcha Bwana ni chanzo cha maarifa, na Hosea 4:6 inalia kwamba watu wanaangamizwa kwa kukosa maarifa.

Ujuzi ndilo neno lililohama zaidi. Katika 1 Wakorintho 8:1 gnosis hiyohiyo imefasiriwa «Ujuzi huleta majivuno, bali upendo hujenga», na ilipoandikwa ilieleweka, kwa sababu ujuzi ulikuwa ni hali ya kujua. Hata leo tunasema Mwenyezi Mungu ni Mjuzi wa yote. Lakini kwa kijana wa sasa ujuzi ni ufundi wa mikono au wa kazi: ujuzi wa kushona, ujuzi wa kompyuta. Akisoma mstari huo bila msaada ataona fundi anayeringa. Mwalimu aseme wazi kwamba hapo ni kujua, tena kujua kunakomtenga mwenye nako na ndugu yake aliye dhaifu.

Kuna jambo moja katika 1 Timotheo 6:20-21 ambalo msomaji wa Kiswahili analiona kuliko hata msomaji wa Kigiriki, nami ningependa lisipite. Mstari unaanza kwa agizo «ilinde hiyo amana», na mstari unaofuata unawataja waliokosa imani. Kwa Kigiriki maneno hayo mawili, paratheke na pistis, hayana undugu. Kwa Kiswahili amana na imani ni za mzizi mmoja, pamoja na amini na mwaminifu. Amana ni mali iliyowekwa kwa mtu ili aitunze na kuirudisha kama ilivyo. Haongezi wala hafichi sehemu yake kwa marafiki wateule. Hapo tofauti ya mafundisho inaonekana wazi: Mkristo amekabidhiwa habari iliyotangazwa kwa wote, kwamba «Neno alifanyika mwili» (Yohana 1:14), na analojibu nalo ni kumwamini aliyekuja. Mgnostiki aliudharau mwili huohuo, na aliutafuta wokovu katika kile anachokijua yeye.

Kuhusu hekima, miundo yote miwili ni Kiswahili safi, ila haibadilishani kila mahali. «Ya kidunia» hutaja namna: mambo ya kidunia, starehe za kidunia. «Ya dunia» hutaja mwenye kitu. Paulo anaitaja dunia kama mwenye hekima yake, akiishindanisha na Mungu mwenye hekima yake: «hekima ya dunia hii ni upuzi mbele za Mungu» (1 Wakorintho 3:19). Kiashiria «hii» kinathibitisha, kwa maana hatuwezi kusema «hekima ya kidunia hii» tukiwa tunaikusudia dunia. Kwa hiyo unaponukuu, baki na «ya dunia». Unapoeleza kwa maneno yako tabia ya mtu anayepima kila kitu kwa faida na sifa, «ya kidunia» inafaa.

Nimewahi kusikia pendekezo kwamba pangeandikwa werevu au ujanja wa dunia, ili hekima ibaki safi. Silikubali. Korintho ilikuwa mji wa Kigiriki uliowapenda wasemaji hodari, na Paulo anawanyang'anya neno lao wenyewe, sophia, anapomwita Kristo «nguvu ya Mungu, na hekima ya Mungu» (1 Wakorintho 1:24). Ukiweka ujanja upande mmoja na hekima upande wa pili, ubishi wote unapotea, kwani hakuna anayehitaji mtume amwambie kwamba ujanja una mipaka.

Kwa tahajia, maumbo yote mawili yanaonekana katika maandishi. Mimi huandika Ugnostiki, Wagnostiki na -a Kignostiki. Sauti gn si ya asili kwetu, lakini kiambishi cha mbele hurahisisha matamshi, na herufi g huonyesha undugu na gnosis na pia na agnostiki, yaani mtu asemaye kwamba habari za Mungu hazijulikani. Vijana huchanganya watu hao wawili mara kwa mara, hivyo waandikie majina yote mawili ubaoni, moja chini ya jingine, kabla hujafungua barua yenyewe.