Masikio ya mbwa yenye maambukizi: usafi wa nyumbani unavyosaidia, na pale unapokoma

Mbwa anayetikisa kichwa kila wakati, anayejikuna sikio huku akilia, na ambaye ukimkaribia unapokewa na harufu ya uchachu, ana maumivu. Naanza na hili kwa sababu watu wengi huichukulia harufu hiyo kuwa ya kawaida kwa mbwa. Si ya kawaida. Sikio lenye afya halinuki, na ngozi yake ya ndani huwa na rangi ya waridi hafifu, haina joto wala unyevu.

Mbwa wangu Simba ana masikio marefu yanayoning'inia pamoja na ngozi yenye mzio, kwa hiyo kusafisha masikio ni kazi niliyoizoea kwa miaka mingi. Yote niliyofundishwa na daktari wake wa mifugo, na niliyoyaona kwa macho yangu, yanarudi kwenye jambo moja: dawa haiponyi sikio chafu. Matone yakiangukia juu ya tabaka la nta na usaha huishia hapo hapo. Ngozi inayougua haiguswi, siku zinapita, na mwenye mbwa anaanza kusema dawa haina nguvu.

Ili uelewe kwa nini, fikiria sikio lilivyojengwa. Mfereji wa sikio la mbwa hushuka kwanza kuelekea chini, kisha hukata kona kuingia ndani, kama herufi L, na ngoma ya sikio iko mwisho kabisa wa kona hiyo. Unyevu ukifika huko hautoki kwa urahisi, hasa kama sikio limefunikwa na ngozi inayoning'inia au lina nywele nyingi. Na ndiyo maana nawasihi watu waachane na vijiti vya pamba. Kijiti hakitoi uchafu, kinausukuma mpaka kwenye kona na kuushindilia.

Kabla ya kuweka kitu chochote ndani ya sikio linalouma, mpeleke mbwa akaangaliwe. Hapa silegezi. Daktari ana kifaa cha kumulika mpaka ndani, na kitu cha kwanza anachotafuta ni kama ngoma ya sikio ni nzima. Ikiwa imetoboka, dawa nyingi zinazotumika bila shida kwenye mfereji, ikiwemo antibiotiki ya gentamisini, zinaweza kupenya hadi sehemu ya ndani na kuharibu usikivu au mizani ya mwili. Wewe na mimi hatuwezi kuiona ngoma hiyo kwa tochi ya simu.

Sababu ya pili ni kwamba maambukizi hayafanani. Uchafu wa kahawia wenye mafuta na harufu ya uchachu mara nyingi ni fangasi wa jamii ya Malassezia. Usaha wa njano au wa kijani huelekeza kwenye bakteria, na ule wa kijani wenye harufu kali unaweza kuwa wa Pseudomonas, bakteria sugu ambaye antibiotiki nyingi hazimwezi. Uchafu mweusi, mkavu, unaovunjika-vunjika, hasa kwa mbwa mdogo, huenda ni utitiri wa masikio; hapo wanyama wote wa nyumbani, paka wakiwemo, hutibiwa pamoja. Lakini rangi ni dalili tu. Daktari huchukua uchafu kidogo, akaupaka kwenye kioo na kuutazama kwa hadubini, ndipo anajua aandike dawa gani. Kwa hiyo chupa ya matone iliyobaki mara iliyopita usiifungue tena kwa kukisia, na matone ya masikio ya binadamu yaache kwa binadamu.

Zipo hali ambazo nyumbani hupaswi hata kujaribu kusafisha: mbwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anayumba akitembea, macho yanachezacheza yenyewe, upande mmoja wa uso umelegea, au anabweka kwa uchungu ukimgusa tu. Vivyo hivyo sikio likivimba ghafla na kuwa laini kwa damu iliyojaa chini ya ngozi, jambo linaloletwa na kutikisa kichwa kwa nguvu. Na mbwa aliyetoka kukimbia kwenye nyasi ndefu akaanza mara moja kutikisa sikio moja tu, huenda kaingiwa na mbegu ya nyasi. Hiyo hutolewa na daktari, na mara nyingi mbwa hupewa dawa ya usingizi kwanza.

Sasa tuje kwenye usafi wenyewe, baada ya daktari kukuruhusu. Tumia dawa ya kusafishia masikio ya mbwa aliyoichagua yeye. Chovya chupa kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kwa sababu dawa baridi humshtua mbwa na kumfanya achukie zoezi zima. Mkalishe pembeni mwa ukuta au kwenye kona ili asirudi nyuma, na awepo mtu wa pili wa kumshika kwa upole na kumpa vipande vya chakula anachokipenda. Mimi huanza kwa kumpapasa Simba masikio bila kufanya lolote, mpaka mwili wake ulegee.

Vuta sikio juu taratibu ili mfereji unyooke kidogo. Mimina dawa mpaka uione imejaa mdomoni mwa mfereji, na mdomo wa chupa usiguse sikio, la sivyo utaiambukiza chupa nzima. Kisha shika chini ya sikio, pale unapousikia mfereji mgumu kama bomba ndani ya ngozi, na ukande kwa nusu dakika au zaidi. Utasikia sauti ya majimaji. Sauti hiyo ndiyo kazi yenyewe, maana dawa inazunguka kwenye kona na kulainisha nta. Watu wengi hukanda kwa muda mfupi mno, wakashangaa pamba inatoka safi ilhali ndani bado kumejaa.

Mwache atikise kichwa. Asimzuie mtu, kutikisa huko hupandisha uchafu juu kuliko mkono wako unavyoweza. Halafu zungushia pamba kwenye kidole na ufute kile kilichopanda, usiende ndani kuliko kidole kinavyofika chenyewe. Rudia kama pamba bado inatoka chafu sana, lakini ukiona damu au mbwa akaanza kulia, acha. Subiri dakika 10 hivi sikio likauke, ndipo uweke matone ya dawa na kukanda tena.

Hidrojeni peroksaidi na spiriti ziweke mbali, zinachoma ngozi iliyochubuka. Mafuta ya mti wa chai (tea tree oil) ni sumu kwa mbwa, hata kama yanasifiwa kuwa ya asili. Siki iliyochanganywa na maji hupendekezwa sana, na mimi siipendi kwenye sikio lenye wekundu. Huko inawasha kama moto. Ukikosa dawa kwa siku moja, chemsha maji, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, yapoe, ufute nayo sehemu ya nje tu.

Sikio likianza kutulia, usikatishe dawa. Harufu huondoka mapema kuliko vijidudu, na tiba iliyokatishwa huwaacha wale sugu. Rudi kwa daktari aangalie tena kwa hadubini kabla ya kusema amepona. Baada ya hapo usafi wa mara moja kwa wiki moja au mbili unatosha kwa mbwa mwenye tatizo hili, pamoja na kukausha masikio kila baada ya kuoga au kuogelea. Mbwa mwenye masikio mazima haoshwi kila siku. Unyevu wa mara kwa mara nao huleta ugonjwa.

Na yakirudi? Hapo ndipo nawaomba wenye mbwa wasichoke kuuliza, kwa sababu sikio ni ngozi, na maambukizi yanayorudi rudi mara nyingi yana mzio nyuma yake. Mwambie daktari kama mbwa pia hulamba nyayo, hujikuna tumbo au makwapa. Anaweza kupendekeza jaribio la chakula: wiki 8 au zaidi za chakula chenye protini ambayo mbwa hajawahi kula, bila kitu kingine chochote, kisha chakula cha zamani kinarudishwa ili kuona kama dalili zinarudi. Kwa Simba chanzo cha mzio kilikuwa nyama ya kuku. Jaribio hilo linahitaji nyumba nzima kukubaliana, watoto wasidondoshe vipande chini ya meza, na hata dawa ya minyoo yenye ladha ya nyama ibadilishwe.