Kwa nini mwenye gari hajatuma hela ya bati

Mwakeye wote.

Tangu niweke ile picha nimeegemea gari kwenye grupu la familia, simu haijapoa. Mama mdogo wa Ujiji ameuliza kwa upole kama hela ya bati itawahi mvua. Shemeji wa Gungu yeye hakuzunguka: "Mtu ana gari Uingereza, anashindwaje bando tatu za bati?" Basi najibu hapa hapa mara moja, wote msome.

Gari lenyewe ni Vitz. Huku wanaiita Yaris. Ni ya mwaka 2009, ina mkwaruzo ubavuni, nimeichukua kwa pauni 1,900. Ukihesabu pauni kwa shilingi 3,300 hiyo ni kama milioni 6 na laki mbili na kitu. Najua mnachowaza: kwa hela hiyo pale Mwanga, Kigoma, hupati Vitz ya maana, kwa hiyo huku magari ni bure. Hata mimi niliwaza hivyo, mpaka nilipotafuta bima.

Nyumbani bima ndogo ya gari binafsi ni shilingi 118,000, unalipa unasahau mpaka mwakani. Mimi mwaka wa kwanza nimetozwa pauni 1,640. Zaidi ya milioni 5 na laki nne, shemeji, na hapo gari halijatia hata lita moja ya mafuta. Sina hela ya kulipa kwa mkupuo, kwa hiyo nalipa kila mwezi, na ukilipa kila mwezi wanakuongezea riba.

Mtasema, lakini wewe ni dereva. Ndiyo, nimepiga mchomoko (teksi ya abiria wa kuchangia) wa Manyovu miaka saba. Nimeteremka Kalinzi alfajiri kwenye ukungu, Probox imebeba idadi ya watu ambayo siitaji hapa kwa kuwa mama yumo kwenye grupu. Huku hayo hayahesabiki. Leseni yetu haimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zake zinabadilishwa. Wanakuachia uitumie miezi 12 tangu uhamie, baada ya hapo unakaa mtihani kama kijana wa miaka 17. Wa nadharia pauni 23, maswali 50, ukipata chini ya 43 umeanguka. Wa barabarani pauni 62. Ule wa barabarani nilianguka mara ya kwanza. Mtahini aliniambia gari nalimudu vizuri, ila haoni nikiangalia vioo. Nikasubiri miezi mitano kupata tarehe nyingine, na katikati nikamlipa mwalimu pauni 38 kwa saa. Kuendesha najua. Nilikuwa namlipa anifundishe kugeuza shingo ili mtahini aone.

Sasa fomu ya bima inauliza: leseni umepata lini? Nikajaza ukweli: wiki iliyopita. Miaka saba ya Manyovu ikayeyuka. Halafu wanauliza gari utalitumiaje. Kazi yangu ni kuhudumia wazee nyumba kwa nyumba, na hiyo inahesabika ni matumizi ya kikazi, si kwenda na kurudi kazini tu. Bei ikapanda tena. Kuna mzee mmoja wa kwetu anayeishi hapa, ana miaka mingi kwenye leseni yao, akanishauri tuandike yeye ndiye dereva mkuu ili bei ishuke. Nilishawishika usiku mzima. Lakini huo ni utapeli kwa sheria ya huku, na siku ya ajali kampuni inakukana mchana kweupe.

Ili wanipunguzie kidogo nilikubali kufungiwa kisanduku ndani ya gari. Kinarekodi mwendo, breki, kona na saa unazotembea. Juzi mbweha alikatiza mbele yangu saa tano usiku, nikakanyaga breki. Kabla sijavua viatu nyumbani ujumbe umeshafika: umefunga breki kwa nguvu, alama zako zimeshuka. Mbweha hawakumwandika.

Na kuna jambo limeniletea jina la ubahili. Kwetu mtu akisema "niazime ufunguo nikamchukue mgeni," unampa. Huku bima inafuata jina la dereva. Asiyeandikwa akikamatwa ni faini ya pauni 300 na pointi 6 za makosa kwenye leseni, na gari wanaweza kulizuia. Dereva mpya akifikisha pointi 6 ndani ya miaka miwili ya mwanzo ananyang'anywa leseni, anaanza moja, mtihani wa nadharia na wa barabarani. Ukimruhusu mtu asiye na bima, adhabu inakupata na wewe mwenye gari. Mwenzetu mmoja alitaka gari langu kwa ajili ya harusi. Nikakataa. Hatusalimiani vizuri.

Mafuta nayaweka kwa pauni 1.35 lita, zaidi ya shilingi 4,400. Kodi ya barabara ya mwaka, ambayo nyumbani ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, huku ipo juu ya kodi ya mafuta. Kwa kigari hiki si kubwa, tuiache.

Kilichoniuma ni gereji. Gari likishafika miaka mitatu linapimwa kila mwaka, kipimo wanakiita MOT, bei yake haizidi pauni 54.85. Langu lilianguka: springi ya nyuma imekatika na tairi mbili zimeisha. Springi yenyewe pauni 45. Kuifunga, pauni 130. Nyumbani spea ndiyo ghali kwa sababu inasafiri kutoka Dar mpaka mwisho wa reli, lakini fundi unamkuta chini ya mwembe, mnapatana, unamuongezea soda. Huku fundi anauza saa, na hashuki hata pauni moja. Nilijaribu. Alidhani natania.

Kwa nini nisiliuze basi? Mzee wangu wa kwanza namwamsha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na Jumapili saa hizo basi bado limelala. Bila gari zamu hizo anapewa mwingine. Mwajiri ananirudishia peni 25 kwa kila maili kati ya mzee na mzee, kwangu mpaka kwa wa kwanza ni juu yangu.

Mama mdogo, mwezi huu natuma ya bando moja. Mbili zitafuata nikimaliza deni la springi. Fundi aezeke kwanza upande wa jikoni, huko ndiko kunakovuja.

Na shemeji, ile picha uliyoipenda nilipigwa uwanjani kwa muuzaji. Bima ilikuwa inaanza saa sita usiku. Nikamrudishia ufunguo, nikapanda basi kwenda zamu.