Vimeng'enya vya ini vilipopanda baba akiwa kwenye kemo

Asubuhi ya mzunguko wa tatu wa kemo, yaani dawa za saratani anazopewa baba kwa dripu, tulifika hospitali kabla ya saa moja, baba akiwa amevaa koti lake zito kwa sababu chumba cha dripu kina baridi, nami nikiwa na chupa ya uji na mfuko wa dawa zake. Alitolewa damu, tukakaa kusubiri. Ilipofika saa nne daktari alituita, akaitandaza karatasi ya majibu mezani na kuonyesha mstari mmoja kwa kalamu, wa kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT: 186, wakati kikomo cha juu katika maabara ile ni 40. Alisema kwa upole, "Mzee, leo hatutakupa dawa." Baba hakumtazama daktari, alinitazama mimi, na nilijua anawaza nini kwa kuwa nami niliwaza hilo hilo, kwamba saratani imetoka kwenye mapafu na kuingia kwenye ini.

Haikuwa hivyo, lakini tulichukua wiki mbili kulijua hilo, na mengi tuliyojifunza katika wiki hizo yangetufaa zaidi kama tungeyajua kabla ya dripu ya kwanza. Ndiyo maana naandika.

ALT na mwenzake AST ni vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemikali mwilini, na hufanya kazi ndani ya seli za ini. Seli ikijeruhiwa, vimeng'enya hivyo huvuja na kuingia kwenye damu, na maabara huvipima huko. ALT hutoka zaidi kwenye ini, ilhali AST imo pia kwenye misuli na moyo, kwa hiyo AST ikipanda peke yake si lazima ini liwe ndilo linaloumwa. Kuna pia bilirubini, ambayo ndiyo huyafanya macho kuwa ya manjano, na daktari huisoma mistari hii yote kwa pamoja. Kwa mgonjwa ambaye majibu yake ya mwanzo yalikuwa ya kawaida, ALT ikipanda bila kuvuka mara tatu ya kikomo, hilo huhesabiwa kuwa daraja la kwanza, na mara nyingi matibabu huendelea huku damu ikipimwa tena. Kati ya mara tatu na mara tano ni daraja la pili, na hapo ndipo baba alipokuwa. Bilirubini yake haikuwa imepanda, jambo ambalo daktari alilitaja mara mbili ili tulisikie.

Nilimuuliza kwa nini basi asimpe dawa, ikiwa ini bado linafanya kazi. Alinieleza kwamba baba anapewa kaboplatini na paklitakseli. Kaboplatini hutolewa mwilini zaidi na figo, lakini paklitakseli huvunjwa na ini, na ini likichoka dawa hiyo hukaa kwenye damu muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa, ikashusha mno chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili na kuzidisha ganzi ya vidole. Kuahirisha siku ile kulikuwa sehemu ya matibabu yenyewe. Ningependa kila anayemuuguza mtu alielewe hili, kwa sababu nimewaona ndugu wakimlaumu daktari kwa kuchelewesha dawa.

Kisha yakaanza maswali. Aliagiza picha ya tumbo kwa altrasaundi kuangalia kama kuna uvimbe kwenye ini, na haukuonekana. Aliuliza kuhusu pombe. Aliuliza tena kuhusu dawa za kifua kikuu, kwa kuwa baba, kama wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu hapa nchini, alianza kutibiwa TB kabla ugonjwa wake haujajulikana, na baadhi ya dawa hizo zinaweza kuliumiza ini. Aliagiza pia kipimo cha homa ya ini aina ya B, ambacho kilipaswa kufanyika mwanzoni na hakikufanyika. Watu wa umri wa baba hawakuchanjwa utotoni, na mtu anaweza kuishi na kirusi hicho miaka mingi bila dalili hadi kemo inaposhusha kinga na kukiamsha. Akigundulika mapema hupewa vidonge vya kumkinga, kama vile tenofoviri, dawa ile ile iliyomo kwenye dozi nyingi za ARV. Baba hakuwa nacho. Hata hivyo, ombeni kipimo hicho kabla ya dripu ya kwanza, msisubiri kukumbushwa.

Jibu lilikuwa kwenye mfuko niliokuwa nimeupakata. "Dada, hebu mwaga kila kitu hapa mezani," daktari aliniambia. Vilitoka vidonge vya parasetamoli vya miligramu 500, ambavyo baba alikuwa akimeza viwili viwili mara nne kwa siku, kwa kuwa paklitakseli ilimletea maumivu makali ya magoti na mapaja kuanzia siku ya tatu baada ya dripu. Hiyo peke yake ni gramu 4, yaani mwisho wa kiwango cha siku kwa mtu mzima mwenye afya. Ikatoka boksi ya dawa ya mafua, ambayo nyuma yake, kwa maandishi madogo, kulikuwa na parasetamoli nyingine miligramu 500 katika kila kidonge, na alikuwa akimeza vitatu kwa siku. Vikatoka vidonge vya mgongo alivyoletewa na jirani, navyo vina parasetamoli miligramu 325 kila kimoja, viwili kwa siku, pamoja na dawa nyingine ya maumivu inayoweza kuligusa ini. Daktari alijumlisha pembeni ya karatasi: zaidi ya gramu 6 kila siku, kwa mzee aliyepungua hadi kilo 51 na asiyekula vizuri, wakati ini la mtu mwenye njaa lina akiba ndogo ya kuizima sumu inayobaki parasetamoli inapovunjwa. Dawa hizo zote nilizinunua au nilizipokea mimi, kwa mkono wangu, nikimtakia nafuu.

Baba alikaa kimya, kisha akasema kwamba kuna na kitu kingine. Shangazi alikuwa amemletea kutoka Muheza dumu la majani ya mstafeli yaliyochemshwa pamoja na mizizi, na alikuwa akinywa kikombe asubuhi na jioni, mimi nikiwa kazini. Daktari hakumfokea. Alimwambia, "Mzee, simdharau aliyekuletea. Ila sijui humu mna nini wala kiasi gani, na vimeng'enya vya ini lako vikipanda tena sitajua nilaumu kipi." Nadhani utulivu wake ndio uliomfanya baba aseme yote, kwa kuwa mgonjwa aliyewahi kugombezwa kwa ajili ya mitishamba hujifunza kuificha.

Jioni nilimpigia shangazi. Baada ya shikamoo na marahaba nilimweleza majibu, naye akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemdhuru kaka yangu?" Nilimjibu kwamba hakuna anayeweza kusema hivyo, na kwamba parasetamoli niliyompa mimi ilikuwa na kosa kubwa zaidi. Tulikubaliana kwamba dumu lisimamishwe hadi kemo iishe.

Tangu siku ile tuna daftari. Kila kinachomezwa huandikwa, saa na kiasi, na hakuna boksi inayofunguliwa kabla ya kusoma viambato vyake. Daktari alimwekea baba kikomo cha gramu 2 za parasetamoli kwa siku. Kikomo cha mgonjwa wako kitoke kwa daktari wake. Joto la mwili hupimwa kabla ya kumpa kidonge, kwa maana homa ya nyuzi 38 kwa mtu aliye kwenye kemo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, na parasetamoli inaweza kuificha. Tunaangalia pia mkojo usiwe mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, macho yasiwe ya manjano, na kama anawashwa mwili au anachanganyikiwa. Kuhusu juisi za kusafisha ini, watu walituletea nyingi na tulizikataa kwa heshima. Tulichobadilisha jikoni ni kuacha karanga na unga wa mahindi wenye dalili ya ukungu, kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu inayodhuru ini.

Baada ya wiki moja ALT ilishuka hadi 118, na wiki iliyofuata ikawa 64. Mzunguko wa tatu ulitolewa siku hiyo, dozi ya paklitakseli ikiwa imepunguzwa. Kabla ya mzunguko wa nne ilikuwa 43, na baba mwenyewe ndiye aliyelitoa daftari mfukoni mwa koti na kumkabidhi nesi kabla hajaulizwa.