Chora Njia ya Panya, Lakini Iunganishe

Juzi msomaji mmoja alinitumia picha ya skrini ya simu yake. Alikuwa anatoka Laini Saba, Kibera, anaelekea Barabara ya Mbagathi, na ramani ikampitisha kichochoroni badala ya kumzungusha barabara kubwa. "Hii njia imetoka wapi?" akauliza. Imetoka kwangu, ndugu yangu. Nimetamba wiki nzima na bado sijachoka.

Ninyi mnaosoma hapa mnataka mitaa yenu ionekane kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichora, najua, la sivyo mngeshanikimbia. Ramani hiyo ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, na Kibera haikuwamo kwa maana yoyote hadi 2009, vijana wa mtaa walipoanza kuichora kupitia Map Kibera. Mimi nimekuja nyuma yao. Shule, zahanati na vyoo nilivikuta. Vichochoro tunavyokatia alfajiri kwenda kibaruani, vingi havikuwepo.

Nikachora changu. Kinaanzia nyuma ya kibanda cha mama mandazi, kinavuka mtaro kwa mbao mbili, kinapenya katikati ya mabati na kutokea kwenye lango dogo ambalo mlinzi hulifunga usiku. Baadaye nikakuta kimefutwa. Mchoraji wa mbali, ambaye sidhani amewahi kukanyaga Nairobi, alikuwa ameacha maelezo kwamba kwenye picha ya setilaiti haonekani mtu wala njia. Itaonekanaje? Mapaa ya pande zote mbili yamekaribiana hivi kwamba mvua ikinyesha unapita chini bila kulowa! Iliniuma, na bado inaniuma. Nilikirudisha, nikaeleza kwamba nimekipita kwa miguu, nikaweka na rekodi ya GPS (ingawa katikati ya mabati GPS huyumba kama mlevi). Hakuna aliyekigusa tena.

Kwa hiyo tembea kwanza, kisha chora. Vespucci, programu ya kuhariri ramani hiyo kwenye simu ya Android, inatosha. Mpe mstari wako lebo zinazoeleza ni kitu gani: weka highway=path kwa njia ndogo, halafu informal=yes, ijulikane kwamba njia imefunguliwa na nyayo za watu, si kaunti. Mbao za mtaroni ni bridge=yes. Lango ni barrier=gate, na saa zake uziandike. Pakiwa uwanja wa mtu anayewaacha tu mpite, foot=permissive ndiyo haki yake; asubuhi moja anaweza kuamka na fundi wa ukuta.

Wengi hukwama kwenye kuunganisha. Ncha ya kichochoro na barabara lazima zishiriki nukta moja. Mistari miwili ikipitana bila nukta hiyo, macho yako yataona njia panda, lakini programu inayotafuta njia haitazami picha. Inafuata nukta hadi nukta, na isipopata ya kuvukia itamzungusha mama mwenye mzigo barabara nzima. Kuza picha, uhakikishe. Kisha uhakikishe tena.

Na msiniambie hamna wakati, ilhali wa kubishana mitandaoni mnaupata. Tunalalamika kwamba mji huu unawajali wenye magari, na sisi wenyewe tunaotembea hatujaandika tunapopita. Mnangoja nani awachoree? Yule wa setilaiti? Tembeeni, jamani. Na mkishachora mrudi kukagua: kule kwangu amekuja mlinzi mpya, anafunga lango mapema zaidi, na saa nimeshazibadilisha.